Mwenye Kisima ni Nani?

Kila mwaka, tarehe 13 Oktoba, Warumi wa kale walikuwa na sikukuu iliyoitwa Fontinalia. Siku hiyo walikwenda kwenye chemchemi wakatupa mataji ya maua majini, na visima vya mjini wakavivika maua vilevile, kama tuvikavyo sisi sanamu ya Mama Bikira Maria katika mwezi wa Mei. Walifanya hivyo kwa heshima ya Fontus, mungu wa chemchemi. Wala hakuwa peke yake. Juturna alikuwa na chemchemi yake katikati ya mji, karibu na hekalu la Vesta. Egeria alikuwa na yake katika kijisitu nje ya lango la mji. Mto Tiber ulikuwa na mungu wake, Tiberinus. Hata Neptunus, ambaye wengi humjua kuwa mungu wa bahari, yaelekea hapo mwanzo alihusika na maji matamu kuliko ya chumvi. Sikukuu yake iliangukia tarehe 23 Julai, wakati jua linapokuwa kali kabisa katika nchi ile na vijito vimepungua, watu wakijijengea vibanda vya matawi wapate kukaa kivulini.

Mwezi huo wa Oktoba, ambao sisi Wakatoliki twautumia kwa kusali Rozari, ni mwezi mgumu juu ya uwanda wa Makonde. Mvua zilikoma Aprili au Mei, na nyingine hazitazamiwi mpaka Novemba au Desemba. Msomaji wa Bukoba au wa Moshi asidhani kwamba Newala ni jangwa. Mvua ya mwaka hufika takribani milimita 1,000, na penye vichaka vya asili mtu hapiti bila panga. Lakini ardhi yenyewe ni mchanga wenye kina kirefu. Mvua ikishanyesha, maji huzama mara moja kana kwamba yamemwagwa katika pakacha, yakaja kutokea chini kabisa, mabondeni. Juu hakuna mto. Ukisimama ukingoni mwa mji wa Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, waona nchi imefunguka chini yako mpaka bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Maji yako huko chini. Nawe uko juu, na ndoo tupu.

Kwa nini basi tuwakumbuke miungu wa Roma, waliokwisha kusahauliwa zamani, katika gazeti la Kikristo, na tena mbele ya watu wenye kiu? Kwa sababu twataka kuuliza swali ambalo lafaa kuulizwa katika kila nyumba, hata zile zenye bomba jikoni. Kati ya mpagani yule aliyekivika kisima maua na Mkristo wa leo akitiaye kisima chake kufuli, ni nani aliye karibu zaidi na ukweli? Tunamwomba msomaji asijibu haraka.

Tulipokuwa wanafunzi wa seminari kuu tulicheka sana tulipofika penye sura ile ya Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu, amtajapo Varro, mtaalamu mkuu wa dini ya Kirumi. Varro alijisifu kwamba amewafanyia raia wenzake hisani kubwa kwa kuwaonyesha kila mungu na kazi yake, wasije wakafanya kama wachekeshaji wa michezoni, waombao maji kwa mungu wa divai na divai kwa mabinti wa chemchemi. Augustino akamjibu, kwa maneno yenye ncha, kwamba hisani hiyo ingekuwa kubwa zaidi kama angewaonyesha Mungu mmoja wa kweli ambaye kwake yatoka mema yote. Sisi vijana tulidhani kwamba hoja imekwisha hapo. Mungu ni mmoja, chemchemi ni maji tu, tufungue ukurasa unaofuata.

Lakini Kanisa lenyewe halikufungua ukurasa kwa haraka hivyo. Katika karne ya 6 Askofu Martino wa Braga, katika nchi iitwayo leo Ureno, alikuwa bado akiwaonya wakulima wake, watu waliokwisha kubatizwa, waache kutupa mkate katika chemchemi. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu aliwaandikia wamisionari wa Uingereza kwamba mahekalu ya wapagani yasibomolewe. Sanamu ziondolewe, nyumba zenyewe zinyunyizwe maji ya baraka zipate kumtumikia Mungu wa kweli. Maaskofu hao walijua jambo ambalo sisi seminarini hatukulijua. Mkulima yule mwenye mkate wake alikosea kuhusu jina la mpaji, lakini hakukosea kuhusu kwamba amepewa. Hakuchimba yeye chemchemi ile. Aliikuta. Ilikuwako kabla ya baba yake, na alitumaini itakuwako baada ya wanawe. Kwa hiyo aliona haya kuchota tu na kuondoka. Kazi ya Injili ilikuwa kumwondolea kosa lake bila kumwondolea haya yake, na kazi hiyo ni ngumu kuliko kuvunja sanamu.

Wamakonde nao wana habari yao ya kale juu ya maji, nayo ni tofauti sana na ile ya Warumi. Mjerumani mmoja aitwaye Karl Weule, mtu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alikaa Newala mwaka 1906 akaiandika. Hapo mwanzo palikuwa na mtu mmoja peke yake porini, asiyeoga wala kunyoa. Akachonga mti, akafanya umbo la mtu, akalisimamisha nyumbani kwake. Usiku ukapita, na lile umbo likawa mwanamke hai. Wakashuka pamoja mpaka Ruvuma, na huko mke akajifungua mtoto, naye alikuwa amekufa. Wakahamia bonde la Mbwemkuru. Mtoto wa pili naye akazaliwa amekufa. Ndipo wakapanda juu uwandani, kwenye vichaka visivyo na maji, na mtoto wa tatu akaishi. Basi yule mzee akawaachia wanawe agizo: nyumba zao ziwe mbali na maji, mwendo wa saa moja angalau, ili watoto wakue na maradhi yasiwapate.

Wenye elimu ya leo watasema kwamba mzee huyo alijua habari za mbu na homa bila kuyajua majina yake, nasi twakubali. Watasema pia kwamba mabonde yalikuwa njia za misafara ya watumwa na za wavamizi, na vichaka vya juu vilikuwa ngome; hilo nalo ni kweli. Sisi twaona jambo jingine. Mrumi aliyakimbilia maji na maua mkononi. Mmakonde aliyaacha, kwa kuwa alikuwa amezika watoto wawili kando yake. Hakuyafanya mungu. Aliyaogopa, akayahitaji, akayaweka umbali wa saa moja. Na hiyo saa moja ilitembewa na nani? Hadithi hainyamazi kabisa, maana sote twajua nani hubeba ndoo. Mama yule yule aliyechongwa katika mti, aliyezaa mara mbili pasipo kusikia kilio cha mtoto, ndiye aliyetwishwa saa ile kichwani, kwenda na kurudi, yeye na binti zake baada yake. Agizo la mzee lilikuwa jema. Ila halikuilemea shingo ya mzee.

Asiseme mtu kwamba miungu ya maji ni mambo ya Ulaya tu. Katika nchi yetu, huko Ngarambe, karibu na Rufiji, Kinjikitile Ngwale alitangaza mwaka 1904 kwamba amepagawa na Hongo, pepo wa mtoni, na kwamba maji atoayo yatawakinga watu na risasi. Tusiwadharau waliomfuata. Walikuwa wamechoshwa na kodi na na mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na walitaka kuwa watu huru katika nchi yao. Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani mapema mwezi wa Agosti 1905, lakini maji yake yalikuwa yamekwisha kupita mbele. Mwezi huohuo yalifika upande wa Masasi, na misheni ya Wabenediktini ya Lukuledi ikateketezwa. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani na wenzake wanne, watawa wa kiume wawili na wa kike wawili. Risasi hazikugeuka maji. Wanahistoria hukadiria waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyoletwa na jeshi lililochoma mashamba na maghala, kuanzia 75,000 hata karibu 300,000. Hapo ndipo lionekanapo kosa la kweli la kumtia mungu ndani ya maji. Si upumbavu wa maua. Ni kudhani kwamba maji yana mwenyewe mdogo awezaye kushawishiwa, na kwamba ajuaye neno lake aweza kuyatuma yafanye atakavyo.

Sasa pepo wa mtoni wametoka, na mafundi wameingia. Hatulalamiki. Roma yenyewe ilifanya hivyo zamani, maana hao hao waliotupa maua katika chemchemi walijenga mifereji ya mawe iliyoleta maji mjini kutoka mbali. Frontinus, aliyewekwa kuwa msimamizi wa maji ya mji mwaka 97, aliiona mifereji hiyo kuwa bora kuliko piramidi za Misri zisizo na kazi. Na papo hapo akalalamika juu ya mafundi waliotoboa mabomba kwa siri chini ya barabara ili wauze maji ya watu wote kwa faida yao. Msomaji wa Newala hatashangaa kusikia hivyo. Katika miaka ya 1950 Shirika la Maji la Makonde lilianza kupandisha maji kwa mashine kutoka bondeni. Mwaka 1971 Serikali ilipanga kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400. Wafini walifanya kazi ya visima na mabomba katika mikoa ya Mtwara na Lindi kwa karibu miaka 20. Mwaka 2019 sheria mpya ilileta wakala wa maji vijijini, RUWASA. Watu wengi wamepumzika kwa kazi hizo, na Mungu awabariki waliozifanya. Hata hivyo mwaka 1991 ulikuja ukapita, na palipo na mashine pana siku ya mashine kuharibika.

Siku hiyo ndipo swali letu lirudipo, na sura yake ni hii. Wenyeji wa uwandani wamejifunza zamani kuvuna mvua. Mwenye korosho nzuri huezeka bati, huchimba shimo kubwa uani, hulisakafia kwa saruji, na masika maji ya paa hujaa humo. Ni kazi ya akili na ya jasho, nasi twaisifu. Fikirini basi nyumba moja ya namna hiyo mwezi wa Oktoba, bomba la kijiji limekauka. Mlangoni amesimama jirani, mama mwenye mtoto mgongoni na dumu tupu. Mwenye nyumba ana haki gani, na mama yule ana haki gani?

Mwenye nyumba atasema: saruji nilinunua mimi, shimo nilichimba mimi. Ni kweli, na mtu asimwite mwizi kwa sababu ataka kurudishiwa gharama yake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba mtu ana haki ya kumiliki na kusimamia mali. Lakini katika matumizi, yampasa aihesabu kama ya wote, awe tayari kuwagawia wenye kuhitaji. Na katika shida iliyo kuu kabisa, aongeza, vitu vyote huwa vya shirika. Saruji ilinunuliwa. Mvua haikununuliwa. Bei ipimwayo kwa saruji twaweza kuizungumza jirani kwa jirani, bila mtu kuona haya. Lakini kuna bei nyingine ipimwayo kwa kiu ya mwenzako: Juni hivi, Agosti mara mbili, Oktoba mara nne, maji yakiwa ni yale yale na shimo lile lile. Hiyo si bei ya kazi. Mwenye kuitoza ameifanyia kiu ya jirani kama mkulima afanyavyo shamba lake: anaivuna. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha wazi kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mwanadamu. Na haki haiwezi kutegemea mwezi.

Warumi walikuwa na hadithi juu ya neno hilo, nayo imo katika mashairi ya Ovidius. Mungu wa kike Latona, akiwa na watoto wake wawili wachanga, alifika penye ziwa huko Lykia akitweta kwa kiu. Wakulima waliokuwapo wakamkataza asinywe. Akawasihi kwamba maji ni ya wote kama jua na hewa. Wao wakaingia majini wakayavuruga kwa miguu ili tope lipande. Akawageuza vyura. Hadithi nzuri, lakini tazameni, msomaji wa kale alijifunza kutomnyima mgeni maji kwa kuwa mgeni aweza kuwa mungu aliyejificha, mwenye uwezo wa kulipa kisasi. Ni hofu iliyo na faida, na bado ni hofu.

Injili yatuonyesha jambo ambalo Mrumi hakuliwaza. Mungu wake alikaa ndani ya kisima akingojea maua. Mwana wa Mungu aliketi kando ya kisima, saa sita mchana, amechoka kwa safari, wala hakuwa na chombo cha kutekea. Aliomba. Mama wa Samaria angeweza kukataa, na pasingekuwa na mtu wa kumgeuza chura. Nasi twawaomba wahubiri wenzetu wasipite upesi penye jibu la mama yule. Aliposikia habari ya maji yasiyokwisha, aliomba apewe hayo asije tena kisimani kuteka. Twazoea kusema kwamba hakuelewa, kwamba aliwaza ya mwili. Mwanamke wa Newala aliyepanda mteremko na lita 20 kichwani tangu alipokuwa na miaka kumi amemwelewa vizuri sana. Ile ni sala. Bwana hakumkemea kwa kuisali. Na siku ya hukumu, kama tulivyofundishwa, atahesabu kiu ya wadogo wote kuwa ni kiu yake.

Ndiyo maana hatuwezi kurudi kwenye maua ya Oktoba, wala hatuwezi kutulia penye kufuli. Mpagani alikiri kwamba kisima kina mwenyewe, akakosea kumtafuta chini ya maji. Sisi twajua Mwenyewe ni nani, na twajua alipo: amesimama mlangoni na dumu tupu. Akina baba watusamehe tukiongeza kwamba mara nyingine yumo ndani ya nyumba pia, ni mke aliyeamka saa kumi za usiku kwenda bondeni huku mumewe mwenye baiskeli amelala.

Wala mapadre tusikae pembeni tukinyosha kidole. Katika vijiji vingi paa kubwa kupita yote ni la kanisa, na penye paa kubwa pana kisima kikubwa. Nilipokuwa padre mpya, katika parokia moja ya uwandani ambayo sitaitaja, kisima chetu kilikuwa na mfuniko wa chuma na kufuli, kwa sababu nzuri: watoto wasitumbukie, na maji yatoshe mpaka masika. Mwaka mmoja, mwishoni mwa Oktoba, niliitwa Masasi kwenye mkutano wa siku tatu. Tulikaa vizuri, palikuwa na glasi ya maji mbele ya kila mtu, na mengi yalibaki mezani tulipoinuka. Niliporudi jioni ya siku ya tatu, mpishi wetu, mzee wa makamo ya baba yangu, alinipokea mzigo, akaniuliza habari za safari, nami nikamwuliza habari za nyumbani.

"Njema, Padre," akasema. "Jana walikuja akina mama kuomba maji, bomba limekatika. Mmoja ana mtoto anaharisha."

"Mkawapa?"

"Tuliwaambia wasubiri, Padre. Ufunguo ulikuwa umekwenda Masasi."